Project M: Namna ya kumudu wevudashi na el-kanseli

Mwanagenzi ameuliza:

Habari zenu wakuu. Ninacheza Project M, lile toleo la mchezo wa video wa mapigano, Super Smash Bros. Brawl, lililofanyiwa marekebisho na mashabiki, na mhusika wangu ni Fox. Mambo ya kawaida ninayamudu, lakini nikikutana na mchezaji mzoefu sipati hata nafasi ya kupumua: anateleza ardhini hali amesimama wima, anapiga angani na kutua, na kabla sijajibu amekwishapiga tena. Nimeelezwa kwamba anatumia wevudashi na el-kanseli. Nikiwa peke yangu mazoezini, wevudashi hunikubali mara mojamoja, ila mara nyingi Fox hupaa, akakwepa hewani, kisha akaanguka bila uwezo wa kufanya lolote. Je, tatizo ni wepesi wa vidole, au kuna jambo nisilolielewa?

FundiPadi amejibu:

Ndugu, vidole vyako havina tatizo. Melee ya mwaka 2001, mchezo uliotangulia Brawl katika mfululizo huohuo, ilimruhusu mchezaji kukwepa hewani kuelekea upande autakao. Brawl ya mwaka 2008 ililiondoa hilo, ikaongeza na kero ya wahusika kujikwaa ovyo wanapokimbia, na waliotengeneza Project M wakarudisha la kwanza na kulifuta la pili. Wevudashi si mwendo unaojitegemea: ni kuruka, kisha kukwepa kwa mshazari kuelekea chini wakati miguu ndiyo kwanza inaachana na ardhi, ili ile nguvu ya kukwepa igeuke kuwa mtelezo.

Sasa zingatia hapa. Kila mhusika huchuchumaa kidogo kabla ya kuruka, na muda huo hutofautiana. Katika Melee, Fox huchuchumaa kwa fremu 3, Falco 5, na Bowser 8, katika mchezo unaokwenda fremu (picha mojamoja za mchezo) 60 kwa sekunde. Ukibonyeza ngao, yaani kitufe cha kujikinga ambacho hewani ndicho cha kukwepea, angali amechuchumaa, hakuna kinachotokea. Ukichelewa, unapata hicho unachokilalamikia. Kwa hiyo wewe unachelewa, huharakishi, na dawa yake ni kuvizoesha vidole viwili kufuatana kwa mdundo mmoja usiobadilika, badala ya kungoja umwone Fox akiwa juu ndipo ukwepe.

Angalia pia pembe ya joistiki. Padi ya GameCube ina mzingo wa pande nane, na wengi huisukuma joistiki hadi kwenye kona ya mshazari kwa sababu hapo inatulia vizuri. Mtelezo unatoka, lakini ni mfupi. Ukiishusha kidogo tu chini ya mlalo, mtelezo unarefuka. (Luigi ndiye anayeteleza mbali kuliko wote, kwa kuwa miguu yake haishiki ardhi sawasawa, usijilinganishe naye.)

BintiUlingo amejibu:

Maelezo ya FundiPadi ni sahihi, ila mimi nisingemwanzishia mwanafunzi na wevudashi. Inapendeza macho, na ndiyo maana wageni huing'ang'ania wakateleza huku na huko bila sababu. Anza na kuruka chini chini, yaani kuachia kitufe cha kuruka kabla mhusika hajaondoka ardhini, kisha ongeza el-kanseli.

El-kanseli ni kubonyeza ngao ndani ya fremu 7 kabla ya kutua kutoka kwenye pigo la angani, na faida yake ni kwamba muda wa kukwama baada ya kutua hupungua kwa nusu. Pigo la Falco la kuelekea chini katika Melee, kwa mfano, humkwamisha kwa fremu 18. Likifanyiwa el-kanseli, zinabaki 9. Hapo ndipo yule mpinzani wako anapokuwahi.

Kinachowakwaza watu wengi ni kwamba pigo linapompata mtu, au linapogonga ngao yake, wahusika wote wawili huganda kwa fremu chache, na kutua kunachelewa kwa kiasi hicho. Mtu aliyefanya mazoezi hewani patupu hubonyeza mapema mno akikutana na ngao. Jizoeze basi mbele ya mpinzani anayejikinga na mbele ya nafasi tupu, kwa kubadilishabadilisha, hadi ujue kabla ya kutua kama pigo lako limegusa au limepita.

Mwanagenzi:

Nashukuru sana. Je, si salama zaidi nikibonyeza ngao mara mbili tatu, ili mojawapo iangukie ndani ya hizo fremu 7?

BintiUlingo:

El-kanseli inaweza kutoka, lakini utailipia kwingine. Kitufe hichohicho ndicho kinachokuwezesha kujiokoa unapoangushwa, ukainuka papo hapo badala ya kulala chali, na ukikibonyeza kabla ya wakati mchezo hukunyima nafasi hiyo kwa fremu 40. Anayejua kwamba unabonyezabonyeza atakupiga hapo hapo.

FundiPadi:

Naongezea juu ya wevudashi, kwa kuwa BintiUlingo ameisema vibaya kidogo. Kwa Fox, kazi yake kubwa ni kutoka nyuma ya ngao. Kuruka kunaruhusiwa wakati umejikinga, kwa hiyo ukishambuliwa na mpinzani akatua karibu nawe bila el-kanseli, unaruka, unateleza kumfuata, na unampiga au kumkamata akiwa bado amekwama. Ukiteleza kinyumenyume, unakuwa umetoka nje ya mkono wake huku uso wako ukimwelekea, tayari kumrudia akikosa.