Shuti limenivimbisha kidole ila mwenzangu analidaka kama hakuna kitu, siri ni nini?

KipaMchovu:
Wakuu habari za jioni. Mimi nadaka timu ya mtaani, jumapili jamaa kaachia shuti toka nje ya boksi nikalipokea na mikono nimeikaza kabisa, mpira ukanitoka na kidole cha pete kikavimba kama andazi. Sasa kinachonishangaza, kipa wetu wa akiba ni mwembamba tu na glovu zake zimechanika lakini mashuti hayohayo anayadaka kama anapokea mtoto mchanga. Ni nguvu, ni glovu au kuna kitu sikijui?

FundiChuma:
Mkuu tatizo ni hapo kwenye "nimeikaza". Mpira una kama gramu 430, shuti la kilomita 90 kwa saa ni mita 25 kwa sekunde, kwa hiyo unakuja na nishati ya juli kama 134 na zote unazimaliza wewe. Ukizimaliza ndani ya sentimita 5 kani ni karibu nyutoni 2,700, yaani kama gunia tatu za mahindi zimekaa kwenye viganja. Ukirudi na mpira sentimita 30 inashuka mpaka 450, nusu gunia. Shuti lilelile! Waangalie wanaoshusha tofali kwenye lori, wa juu anaachia, wa chini hasimami mkavu, anashuka nalo mpaka mapajani.

MtuWaKriketi:
Huku Nairobi tunacheza kriketi na kwa upande unaodaka ni wiketikipa peke yake (mdakaji anayekaa nyuma ya mpigaji) anavaa glovu, sisi wengine ni mikono mitupu. Mpira wetu ni gramu 156 hadi 163 lakini mgumu kama jiwe, haubonyei, so ni wewe ubonyee. Na usiuelekezee ncha za vidole. Ukija juu ya kifua vidole viangalie juu, ukija chini ya kiuno viangalie chini, hiyo kocha alituimbia mpaka tukachoka.

Mbishi01:
Sasa nimesimama kwenye mstari halafu nirudishe mikono sentimita 30 si mpira umeshaingia? Mnataka tufungwe kwa fizikia

FundiChuma:
Hahaha ndo maana mikono inatangulia, viwiko vimekunjwa kidogo, unaukuta kule mbele unamalizia kifuani. Ukikosa nafasi pangua pembeni, hapo unaupindisha tu njia huusimamishi. Ila kuupiga ngumi urudi ulikotoka na kasi ileile inataka msukumo mara mbili ya kuusimamisha, wengi hawalijui hilo.

Alafu Kipa, ncha ya hicho kidole inajinyoosha yenyewe?

KipaMchovu:
Nimejaribu sasa hivi, imelala. Nikiinyoosha kwa mkono mwingine inanyooka, nikiiachia inalala tena.

FundiChuma:
Basi usikikande wala usikivute. Kifunge na kijiti kikiwa kimenyooka, asubuhi kapige eksirei.