Mjadala: Mwaka wa ziada humsaidia mtafiti mwenye mtoto, au humchelewesha?

Mtoa mada

Naomba tujadili swali ambalo vikao vya vyuo vikuu hulipitisha haraka, kana kwamba jibu lake lilikwisha kupatikana. Katika vyuo vingi, hasa vinavyofuata mfumo wa Marekani, mtafiti aliyeajiriwa karibuni hupewa miaka ipatayo sita ya kuthibitisha kwamba anastahili ajira ya kudumu, na akipata mtoto ndani ya muda huo huongezewa mwaka mmoja kabla ya kutathminiwa. Chuo Kikuu cha Princeton kiliamua mwaka 2005 kwamba nyongeza hiyo itolewe bila kuombwa, ili mzazi asiogope kuonekana mzembe. Nia ilikuwa njema. Msimamo wangu, hata hivyo, ni kwamba mwaka huo unapogawiwa sawasawa kwa baba na mama, bila kuuliza ni nani anayekesha na mtoto, humdhuru yule yule ambaye ulikusudiwa kumsaidia.

Sisemi hivyo kwa kubahatisha. Mwaka 2018 Heather Antecol, Kelly Bedard na Jenna Stearns walichapisha katika jarida la American Economic Review uchunguzi wao wa idara za uchumi zinazoongoza nchini Marekani. Walikuta kwamba, baada ya sera ya kuwaongezea muda wazazi wote kuanza kutumika, wanaume walizidi kupata ajira ya kudumu katika chuo chao cha kwanza, ilhali wanawake walipungua. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na hawakusema kwamba kazi hiyo huisha baada ya miezi kumi na miwili. Aliyejifungua huutumia mwaka wa ziada kupona, kunyonyesha na kukatishwa usingizi. Mwenzake aliye na mke wa kuyabeba hayo huutumia kuandika makala moja zaidi, kisha kamati ya tathmini ikawapima wote wawili kwa kipimo kimoja.

Napendekeza tufuate njia ya Baraza la Utafiti la Ulaya, ambalo katika kuhesabu miaka tangu mwombaji wa ruzuku apate shahada ya uzamivu humwondolea mama miezi 18 kwa kila mtoto, na humwondolea baba muda ule tu wa likizo ambao aliuchukua kweli na anaweza kuuthibitisha.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mtoa mada, nimekusoma kwa makini, na sikubaliani nawe. Mimi ni baba wa watoto wawili, na mtoto wetu wa pili alipozaliwa mke wangu ndiye aliyekuwa na mkataba usioruhusu likizo ndefu, kwa hiyo nyumbani nikabaki mimi. Nilipoomba muda, mkuu wangu wa idara aliniuliza kama mke wangu anaumwa. Sheria inayomwamini mama bila ushahidi na kumdai baba vyeti husema jambo lile lile alilosema mkuu yule, ila kwa lugha ya kiofisi: mtoto ni wa mama. Aidha, nyongeza ikiwa ya wanawake peke yao, kamati ya ajira itakayokaa kuchagua kati ya waombaji wawili itakuwa imepewa sababu ya kumwogopa mwanamke kijana, hata kama haitaiandika popote.

Mchangiaji wa pili

Ninyi wawili mnagombania kalenda, na mimi nadhani kalenda si kiini cha tatizo. Nafanya kazi katika maabara ya biolojia. Seli ninazozikuza huhitaji kubadilishiwa chakula kila baada ya siku chache, Jumapili ikiwamo, na nikizitelekeza zinakufa pamoja na miezi ya kazi iliyotangulia. Nilipokuwa likizo ya uzazi tathmini yangu ilisogezwa mbele, lakini mshahara wa msaidizi wangu uliendelea kulipwa kutoka katika ruzuku ile ile, tarehe ya mwisho ya ruzuku haikusogezwa, na kundi jingine lilichapisha matokeo niliyokuwa nikiyatafuta. Mwaka niliopewa ulikuwa wa kwenye karatasi tu.

Utafiti wa Erin Cech na Mary Blair-Loy uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba nchini Marekani asilimia 43 ya wanawake na asilimia 23 ya wanaume waliokuwa na ajira ya muda wote katika sayansi na uhandisi waliiacha baada ya kupata mtoto wa kwanza. Tazameni tarakimu ya pili pia. Karibu mmoja kati ya akina baba wanne si jambo dogo, na linamuunga mkono ndugu yetu hapo juu.

Anayeelewa tatizo hili, kwa maoni yangu, ni Christiane Nüsslein-Volhard wa Ujerumani, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1995. Mfuko aliouanzisha mwaka 2004 huwapa wanasayansi wanawake wenye watoto fedha za kumlipa mtu wa kusafisha nyumba, kufua na kumwangalia mtoto jioni. Hautoi miaka, unatoa mikono.

Mchangiaji wa tatu

Sina mtoto, na huenda nikaonekana mchoyo. Mwenzetu anapokwenda likizo, vipindi vyake hufundishwa na mimi, bila malipo wala nyongeza ya muda. Mimi ninamuuguza mama yangu, na hakuna fomu inayonihusu. Kama tunazungumzia haki, tuzungumzie ulezi wote.

Mtoa mada

Mchangiaji wa tatu hana uchoyo wowote. Chuo kinachotoa likizo bila kuajiri mwalimu wa muda kimemtwika mfanyakazi mwingine gharama yake, na lawama ni ya chuo.

Kwa ndugu wa kwanza narudi nyuma hatua moja: ushahidi udaiwe kwa wote, baba na mama, kwa likizo waliyoichukua, isipokuwa miezi ya kupona baada ya kujifungua, ambayo haina sababu ya kuthibitishwa. Sikubali, hata hivyo, mwaka wa bure kwa asiyelea.

Hoja ya dada wa maabara ndiyo iliyonibadilisha zaidi. Marie Curie husimuliwa kama mjane aliyeshinda Nobel ya pili mwaka 1911 huku akiwa na mabinti wawili, na msimulizi huishia hapo. Baba mkwe wake, daktari Eugène Curie, aliishi nao na kuwalea wajukuu hao hadi alipofariki mwaka 1910. Bila mzee yule, sijui kama maabara ingemwona kila siku.

Tatizo ni kwamba wafadhili wengi hukataa gharama ya mlezi iingizwe katika bajeti ya utafiti. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilianza mwaka 2021 kuwaruhusu baadhi ya watafiti wachanga wanaowafadhili kudai hadi dola 2,500 kwa mwaka kwa ajili ya malezi, kiasi kidogo mno. Anayepinga gharama hiyo anieleze kwa nini tiketi yangu ya ndege kwenda kwenye kongamano la siku tatu ni gharama halali ya utafiti, na malipo ya mtu anayekaa na mtoto ili dada wa maabara abadilishe chakula cha seli siku ya Jumapili si gharama ya utafiti.