Tupeane uzoefu: wenye magego ya ajabu tukutane hapa

Kobe Mzee: Wakuu, jana nimempeleka mpwa wangu kuzibwa jino. Daktari akaniita, "Mjomba, sogea uone." Gego la kwanza la juu, upande wa ndani, lina kinundu cha ziada, kama punje ya mtama iliyobandikwa ubavuni. Kufika nyumbani nikajitia kidole mdomoni: na mimi ninacho! Miaka 44 naishi nacho sikijui. Nani mwingine?

Mama Wawili: Mimi. Kushoto na kulia.

Fundi Mizizi: Hicho ni kinundu cha Carabelli, daktari wa meno wa Vienna aliyekieleza mwaka 1842. Si ugonjwa, ni cha kurithi. Kwa wengine hakichomozi, ni kishimo tu. Mswaki ufike hapo, mabaki ya chakula hujificha pembeni yake.

Dogo wa Gati: Ya kwenu cha mtoto. Mimi gego la mwisho la chini lilikuwa limelala ubavu, linamsukuma jirani yake. Ganzi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Daktari anavuta, jasho linamdondokea kwenye miwani. Mara, KAA! Nikajua taya ndiyo imekwenda. Kumbe jino limekatikia juu. Akawasha mashine, mlio ule ule wa fundi anayekata vigae, ila vigae viko kichwani mwako. Ikatoka mizizi mitatu, mmoja umepinda kama ndoana ya kuvulia changu. Siku nne nanywa uji kwa kijiko cha mtoto, shavu kama nimeficha embe bolibo. Vipande ninavyo mpaka leo, kwenye kopo la dawa ya viatu.

Shemeji Poa: Embe bolibo! Nimecheka mpaka kondakta kanigeukia.

Mzaramo Mstaafu: Weka picha ya ndoana, la sivyo chai.

Asali Mbichi: Mimi sina magego ya mwisho, yale wanayoita meno ya busara, hata moja. Eksirei imeonyesha patupu. Nina meno 28 tu.

Shemeji Poa: Ndiyo maana busara hakuna.

Fundi Mizizi: Mpo wengi. Gego la mwisho halitabiriki: huwa kubwa, huwa dogo kama kigingi, au lisiwepo. La kwanza, linaloota kwenye miaka 6, ndilo lisilobadilikabadilika sana.

Mzaramo Mstaafu: Ukubwa wa meno ni miwa. Babu yangu alitafuna miwa tangu utoto, magego kama ya punda.

Fundi Mizizi: Mzee wangu, kichwa cha jino hukamilika ndani ya taya kabla halijatokeza. Likishaota halinenepi. Muwa unalisaga tu.

Mzaramo Mstaafu: Muache babu yangu apumzike.

Dogo wa Gati: Halafu wanaume tuna meno makubwa kuliko wanawake.

Mama Wawili: Nani kasema? Mume wangu ana meno kama mchele.

Fundi Mizizi: Kwa wastani ni kweli, lakini tofauti ni ndogo mno, chini ya milimita. Kwenye chonge ndiyo huonekana zaidi.

Asali Mbichi: Linalouma wekeni karafuu.

Shemeji Poa: Karafuu za pilau hizo. Ng'oa.

Dogo wa Gati: Usithubutu kung'oa!

Kobe Mzee: Jamani, mada ilikuwa kinundu.

Mama Wawili: Nimemwamsha mume, nimemmulika kwa tochi ya simu. Hana. Amenuna, kageukia ukutani.