Tupeane uzoefu: mtoto mwenye maradhi ya moyo na michezo

Assalamu alaykum. Wazazi wa Unguja na Pemba wenye watoto wa moyo, tuelezane mnawachezesha vipi. Wangu alizaliwa na tundu kwenye moyo, likazibwa Dar, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Daktari kamruhusu acheze, lakini mtaani akionekana anakimbia tu, wanampigia kelele: "Kaa chini, utaanguka!" Mtoto keshaanza kujiona si mzima. Hilo linaniuma kuliko lile kovu.

Mama wa Chake: Pole shoga. Wangu bibi yake alikuwa hataki atoke barazani. Kliniki nikauliza kimoja kimoja: nage? kamba? kuogelea? Nikaomba niandikiwe, nakala nikampelekea mwalimu wake skuli na ustadhi wa chuoni. Sasa jioni yumo kwenye nage na wenzake, anapiga kelele kuwashinda wote. Nilivyofundishwa: akicheza huku anazungumza vizuri, muache. Akishindwa kumaliza maneno, apumzike. Na akikaa mwenyewe, asihimizwe kuendelea wala asichekwe.

Baba wa Makunduchi: Ila tusiigane jamani. Wangu ana valvu ya chuma, yaani mlango wa moyo wa bandia, na anameza dawa ya warfarin, damu yake haigandi upesi, kwa hiyo mpira wa kugongana na ngumi hapana. Tunatembea pwani maji yakishakupwa, mwendo mrefu, na anaupenda. Wapo pia wenye misuli ya moyo iliyonenepa, mapigo yanayovurugika au valvu iliyobana sana. Hao wanaweza kukatazwa mbio kabisa. Muulize daktari wa mwanao, si mimi.

Bi Wete: Wangu moyo uliharibiwa na homa ya rumatiki, ilianza kwa koo tu. Anachomwa penisilini kila baada ya wiki 4. Sindano ile inauma, siku hiyo huchechemea, namuacha alale. Baadaye anarudi kuruka kamba. Meno nayasimamia mwenyewe asubuhi na usiku, maana vijidudu vya kinywani huweza kuingia kwenye damu vikafika moyoni.

Mwanzisha mada: Na dalili gani mchezo usimame hapo hapo?

Mama wa Chake: Kuzimia au kizunguzungu akiwa mbioni, kifua kumuuma, moyo kwenda mbio na hautulii hata akikaa, midomo kugeuka buluu. Hapo ni hospitali, usingoje kesho.

Mwanzisha mada: Mtoto wa jirani yangu hajafanyiwa upasuaji, midomo buluu tangu zamani. Akitembea kidogo huchuchumaa, watu humnyanyua wakidhani anadeka.

Baba wa Makunduchi: Wasimnyanyue! Akichuchumaa damu nyingi zaidi inakwenda mapafuni, ndipo anapata nafuu. Mwambie mama yake ampeleke hospitali ya Mnazi Mmoja wiki hii hii apimwe moyo, na awaeleze huko kuchuchumaa.