Kijana akizidiwa kwenye pati, aitwe daktari au polisi?

Wenzangu wa Unguja na Pemba, kila mwezi mpevu ukitoka, Kendwa, kule kaskazini mwa Unguja, hujaa vijana, wetu na wageni, na kila mara tunagombana: zile pati za ufukweni zipigwe marufuku au la. Miye naona ugomvi huo haufiki popote. Zikifungwa pwani zitahamia nyumba za kupanga, milango imekomewa.

Langu ni hili: kijana akimeza tembe ya kulevya ya ekstasi ikamzidi, wenzake wafanye nini? Tembe hizo hupandisha joto la mwili. Tia na joto letu la kaskazi, kucheza usiku kucha na pombe juu yake, mtu anachemka mpaka anapoteza fahamu. Kumjaza maji nako si dawa, maana maji mengi kwa mkupuo hushusha chumvi ya damu na ubongo ukavimba. Apozwe, akimbizwe hospitali. Lakini wenzake wanaogopa kukamatwa, basi wanamlaza mchangani eti ataamka.

Napendekeza anayeita msaada asishtakiwe kwa alichotumia mwenyewe. Muuzaji ashikwe, huyo sina huruma naye. Na mwenye hoteli asipate kibali bila muuguzi, maji ya bure na gari la dharura. Viingilio anavyokusanya vinatosha kulipia, tusidanganyane.

Mama wa Jang'ombe: Ukiweka nesi mlangoni umeshawapa watoto ruhusa. Wangu alianzia pati, akaishia kwenye unga. Nyie mnaongea tu.

Nesi mstaafu: Pole sana, mama. Lakini Kidongo Chekundu methadoni, dawa ya kuwaachisha watu unga, inatolewa tangu 2015, tena hospitali ya serikali, na sijasikia kijana aliyeiona ruhusa ya kuvuta unga. Mwenye mada, umesahau jambo: aliyezidiwa na unga hachemki. Pumzi inapungua mpaka inakatika, na kwa nje anaonekana kalala. Wenzake watajuaje?

Mwenye mada: Hawatajua, shoga yangu. Ndiyo maana nataka mwenye ujuzi awe palepale, si Mjini, mwendo wa saa nzima.

Mama wa Jang'ombe: Haya, muuguzi nakubali. Hilo la kutoshtakiwa bado. Muuzaji akikutwa na kete tatu mfukoni naye atasema ni zake za kuvuta, na simu kaipiga yeye. Mtamtenganishaje?