Kidani cha Maximón: nani ana haki ya kukiuza?

Ndugu zangu, naileta hoja hii nikijua wengi wetu tutaivutia upande wa dini zetu. Si vibaya, ila tuanze na mhusika mwenyewe.

Maximón ni mtakatifu wa Wamaya, wenyeji asilia wa Guatemala huko Amerika ya Kati, ambaye Kanisa Katoliki halimtambui. Watz'utujil, kabila mojawapo la Wamaya, wa Santiago Atitlán, mji ulio kando ya ziwa Atitlán, humwita pia Rilaj Mam. Ni sanamu ya mti yenye kinyago, kofia na sigara mdomoni. Makao yake si kanisani. Hukaa nyumbani kwa mmoja wa wanachama wa cofradía, yaani udugu wa kidini unaomtunza, na kila mwaka huhamishiwa nyumba nyingine. Watu humpelekea pombe kali, tumbaku na mishumaa, wakaomba mgonjwa apone au mume arudi. Humvika pia skafu, moja juu ya nyingine, hata kiwiliwili hakionekani. Katika Wiki Takatifu nguo zake hufuliwa ziwani usiku, kwa heshima kubwa.

Katika mji mwingine, San Andrés Itzapa wa mkoa wa Chimaltenango, Maximón anajulikana zaidi kwa jina la San Simón. Huko amekaa kitini na suti yake, na sikukuu yake ni tarehe 28 Oktoba. Nje kuna vibanda vya mishumaa ya rangi mbalimbali: mwekundu wa mapenzi, wa kijani wa biashara, mweusi wa kujikinga na maadui.

Sura hii ndiyo sasa inachongwa kwenye vidani vya fedha na mawe, ikauzwa mtandaoni na watu wasio na uhusiano wowote na miji hiyo, kwa maelezo kwamba huyu ni "mungu wa pesa". Je, ni haki?

Wapo watakaosema kuvaa kidani hicho ni shirki, au ni ibada ya sanamu. Nawaheshimu. Hirizi tumezibishania pwani miaka mingi, na Wakatoliki wanavaa medali za watakatifu wao bila kuona tatizo. Lakini hoja hiyo inahusu shingo ya mvaaji. Haijibu nani ale faida.

Wengine watataka mgeni asiuziwe kabisa kwa kuwa kitu kitakatifu hakiuzwi. Hapa sikubaliani nao. Maximón hajawahi kufungiwa mlango. Wageni huingia kumwona Atitlán kwa kulipa kiasi kidogo, na anayetaka kupiga picha huongeza. Itzapa huja hata watu wasio Wamaya kumwomba. Tukipiga marufuku, wa kwanza kulala njaa ni mama mwenye kibanda pale nje.

Hoja inayonichoma ni ya tatu: kwamba sura ya kale haina mwenyewe, kila mtu achukue. Huyu mtakatifu ameshaibiwa. Mwaka 1950 padri mmoja aliingia kwenye ugomvi mkali na waumini wake wa Atitlán, akitaka kumwangamiza Maximón. Kinyago chake kimoja kikachukuliwa, kikaishia katika jumba la makumbusho la Musée de l'Homme, Paris, na hakikurudi hadi 1979. Watu waliosubiri karibu miaka 30 kurudishiwa uso wa mtakatifu wao, leo waambiwe uso huo hauna mwenyewe? Pale Atitlán watu humpamba yeye. Mfanyabiashara wa mbali anajipamba kwake, hatoi hata mshumaa.

Wamaya wenyewe hawajakaa kimya. Wanawake wafumaji walikwenda Mahakama ya Katiba ya Guatemala kutetea nakshi za nguo zao, na mwaka 2017 mahakama ikalihimiza Bunge litunge sheria ya kulinda kazi hizo kama mali ya jamii nzima. Nakshi za nguo na sura ya Rilaj Mam naziona ni suala lile lile. Mkataba wa WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki miliki, uliopitishwa Mei 2024 hauwasaidii sana hapa, maana unahusu rasilimali za kijenetiki na maarifa yanayoambatana nazo, hauhusu sanaa wala sanamu.

Msimamo wangu: fundi wa mji husika atengeneze na kuuza bila kuuliza mtu. Wa nje aombe ridhaa na alipe sehemu ya mapato kwa wanaomtunza. Msiniambie haiwezekani kujua sura ni ya nani. Yule wa skafu tele ni wa Atitlán, aliyeketi kwa suti ni wa Itzapa. Kila mji useme kuhusu wake.

Kinachonisumbua bado ni hiki. Wamaya wengi leo ni waumini wa makanisa ya kilokole, na hawataki hata kumsikia Maximón. Ridhaa ya "jamii" itatolewa na nani, cofradía peke yake au mji mzima pamoja na wanaomkataa? Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inayomtaka mtu wa nje apate ridhaa ya jamii kwanza. Mnaoifahamu kwa karibu, pale jamii ilipogawanyika kwa imani, sahihi inayohesabika ni ya nani?