Pedi ya joto kwenye SSD mpya ya M.2: niirudishe ile ya zamani au ninunue nyingine?

Mwanzisha uzi
Habari zenu wadau. Wiki iliyopita nilitoa SSD ya M.2 (diski nyembamba ya kuhifadhi data inayochomekwa kwenye ubao mama) ya GB 500 kwenye kompyuta yangu ya gemu, nikaweka ya TB 2 ya PCIe 4.0 (aina ya muunganisho wa kasi), kwa kuwa gemu kubwa za siku hizi hupita GB 100 na nilikuwa nikifuta moja ili kupata nafasi ya nyingine. Ubao mama una kifuniko cha alumini chenye pedi ya joto ya kijivu, yaani kipande laini cha kupitisha joto kutoka kwenye diski kwenda kwenye kifuniko, nami niliirudisha pedi hiyohiyo. Sasa nikihamisha gemu kubwa, kasi huanza vizuri kisha hushuka ghafla, na programu ya kukagua diski, CrystalDiskInfo, huonyesha nyuzijoto 82. Naishi Dar es Salaam na chumba hakina kiyoyozi. Je, tatizo ni pedi au nimeuziwa diski mbovu? Naombeni ushauri.

Mchangiaji wa kwanza
Pole, ndugu. Kwa dalili hizo sidhani kama diski ni mbovu. Kinachochemka zaidi ni kidhibiti, yaani ile chipu inayoongoza chipu za kumbukumbu, nacho kikikaribia kikomo chake hujipunguzia kasi ili kisiungue. Pedi yako imekwisha kubonyea kwa kufuata umbo la diski ya kwanza, na kama kidhibiti cha diski mpya kimekaa mahali pengine, huenda kimeangukia kwenye bonde, pakabaki hewa, na hewa hupitisha joto vibaya mno. Fungua utazame alama zilizoachwa kwenye pedi.

Mchangiaji wa pili
Naongezea suala la unene, maana ndipo nilipoumia mimi. Nilibandika pedi ya milimita 2 mahali palipohitaji milimita 1, nikakaza skrubu kwa nguvu, diski ikapinda kama upinde na kompyuta ikaacha kuiona mpaka nilipoilegeza. Usipange pedi mbili juu ya nyingine, na usihangaike sana na namba ya W/mK (kipimo cha jinsi pedi inavyopitisha joto) iliyoandikwa kwenye pakiti, kwa sababu pedi ya kawaida inayogusa sawasawa huishinda ya bei kubwa isiyogusa. Stika ya diski pia iache, kwani ni nyembamba na ukiibandua unaweza kupoteza dhamana.

Mchangiaji wa tatu
Kabla ya kufungua, washa mashine dakika kumi ili pedi ilainike, kisha zima na uchomoe waya wa umeme. Usikivute kifuniko moja kwa moja kwenda juu, bali kisogeze kidogo kidogo kwa upande, kwa sababu pedi iliyogandamana inaweza kung'oa chipu. Pedi mpya huja na nailoni ya kubanduliwa pande zote mbili, na ya upande mmoja huwa angavu kiasi kwamba ni rahisi kuisahau.

Mwanzisha uzi
Nawashukuru sana. Nimefungua jana jioni, nikakuta mashimo manne ya mraba yaliyoachwa na diski ya zamani, na alama ya kidhibiti kipya ikionekana nusu tu, kama muhuri uliopigwa kwa haraka. Pedi ya zamani ilikuwa na unene wa milimita 1 pale ambapo haikubonyezwa, kwa hiyo nikanunua ya unene huo, nikaikata kwa wembe ienee juu ya chipu zote bila kufika kwenye meno ya dhahabu ya kuchomekea diski, na kufuta mabaki ya mafuta kwa spiriti. Nimehamisha gemu ileile, joto limeishia nyuzi 63. Hata hivyo, kasi bado inashuka kidogo mwishoni. Nifanye nini?

Mchangiaji wa kwanza
Hapo usinunue kitu tena. SSD nyingi huandika kwanza kwenye sehemu ndogo ya haraka, na sehemu hiyo ikijaa kasi hupungua hata diski ikiwa baridi. Kasi ikishuka wakati joto liko 63, huenda sababu ni hiyo, wala si pedi. Acha tu nafasi ya kutosha kwenye diski, kwa maana nyingi kati ya hizi hupunguziwa sehemu hiyo kadiri zinavyojaa.